Joto Ambalo Kipimajoto Hakikuliona

Chumba cha Chai,
Uwanja wa Tufe,
Crawbeck.

Jumatano, tarehe 3 Septemba.

Kwa Katibu,
Kamati ya Nidhamu,
Chama cha Wacheza Tufe, Crawbeck.

Ndugu Katibu,

YAH: MATUMIZI MABAYA YA JOTO YANAYOFANYWA NA BWANA EDGAR THRELFALL

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, halafu uvute kiti, maana barua yenyewe si fupi. Najua wewe ni shemeji yangu, na kwamba Jumapili nilikula nyama ya kuoka nyumbani kwako bila kusema neno juu ya jambo hili. Nilinyamaza kwa sababu mkeo Doreen alikuwa amepika vizuri na sikutaka kumharibia chakula. Leo nakuandikia kama Katibu, siyo kama ndugu wa marehemu Stanley wangu, na naomba unisome kama Katibu, yaani ukiwa umevaa miwani.

Mimi, Winifred Haydock, mjane, umri miaka sabini na moja, nimekuwa mtunza chai wa chama chetu kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa oveni. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka Kamati ielewe kwamba anayelalamika hapa kuhusu joto ni mtu anayelijua joto. Nimeona joto likiyeyusha kitana kikiwa mfukoni mwa msimamizi. Tena tangu nianze kazi ya chai nimekuwa nikisoma kile kipimajoto kilichopo ukutani, kando ya dirisha la kutolea vikombe, kila siku ya mchezo saa tisa alasiri, na kuandika kwenye daftari. Hakuna aliyenituma. Ni mazoea ya kiwandani tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Sisi Waingereza tuna msemo wetu wa joto la dakika ile. Mtu akipandwa na hasira, au akizidiwa na furaha, akafanya jambo ambalo asingelifanya akiwa ametulia, husema alilifanya katika joto la dakika ile, na watu wenye adabu humwachia. Ni msemo mzuri. Mama yangu aliutumia mara moja tu maishani, mwaka ule alipommwagia jirani maji ya kuoshea samaki, na hata hapo aliona aibu. Lakini Bwana Edgar Threlfall, nahodha wetu, fundi bomba mstaafu, ameufanya msemo huu kama koti la mvua. Hatoki nyumbani bila kuuvaa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tarehe 12 Aprili, katika mechi yetu na Hagshaw, Bwana Edgar alifungwa na mtu ambaye mguu wake mmoja ulikuwa kwenye plasta. Mchezo ulipokwisha aliokota tufe lake, ambalo kwa kanuni huviringishwa tu juu ya nyasi, na kulirusha juu ya ua wa michongoma, likapita kwenye paa la kibanda cha vioo cha Bi Alderson, ambamo Bi Alderson mwenyewe alikuwa amekaa akipandikiza nyanya. Mungu akasaidia, zilizoumia ni nyanya tu. Ulimwita mbele ya Kamati. Akasimama, kofia mkononi, akasema, "Nasikitika, waheshimiwa. Ilikuwa joto la dakika ile." Nawe ukasema, "Haya, tumeelewa. Yameisha."

Mimi sikuelewa. Nilifungua daftari langu. Nyuzijoto sita, na mvua ya mawe. Siku hiyo nilimimina chai nikiwa nimevaa glavu. Bwana Edgar alikuwa na kofia mbili, moja juu ya nyingine, na ile aliyoishika mbele ya Kamati ilikuwa ya juu.

2. Tarehe 17 Mei nilioka keki ya tangawizi kwa ajili ya wageni kutoka ng'ambo ya mto. Nikaenda kuwafungulia geti. Niliporudi sahani ilikuwa na makombo, na Bwana Edgar alikuwa na makombo. Nikamuuliza, "Edgar, keki iko wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Sijui nikuambie nini, Winnie. Joto la dakika ile."

Ndugu Katibu, keki ile ilikuwa na vipande kumi na viwili. Mimi naijua keki yangu, haiendi haraka, inataka kutafunwa. Vipande kumi na viwili ni dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye meno yake yote, na Bwana Edgar hana meno yake yote. Kwa hiyo nauliza: dakika ile ilikuwa ipi kati ya hizo? Kipande cha kwanza naweza kukisamehe. Cha pili, kwa shida. Kufikia cha tisa mtu yuko kwenye utaratibu, siyo kwenye joto. Nyuzijoto tisa.

3. Mwezi Juni, kwenye mkutano mkuu, Bwana Edgar alikasirishwa na rangi mpya ya benchi, akajiuzulu unahodha, akajiuzulu uanachama, akatoka akibamiza mlango. Baada ya dakika tisa akarudi kuchukua mwavuli wake, akaketi, akaendelea kuchangia hoja ya benchi. Ulipomuuliza kama bado amejiuzulu akasema yale yale. Kamati ikaandika kwenye kumbukumbu kwamba maneno yaliyosemwa katika joto la dakika ile huhesabiwa kuwa hayakusemwa.

Sikuona ubaya wa maneno hayo siku ile. Mimi ndiye niliyeyapiga chapa.

4. Ugonjwa ukaenea. Bwana Percy aliegesha gari lake juu ya nyasi za kuchezea: joto la dakika ile. Gari lilikaa hapo tangu Ijumaa hadi Jumapili. Wale wanawake wawili wa kamati ya maua walirushiana mbolea ya samadi: joto la dakika ile, wote wawili, kana kwamba waligawana. Hata Mchungaji, kwenye maziko ya mzee Bickerstaff, alimwombea mtu mwingine kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, mtu ambaye alikuwa ameketi safu ya tatu akiitikia amina, na alipoulizwa mlangoni akatoa jibu hilo hilo. Kanisani mle, Ndugu Katibu, sijawahi kuona mtu akivua koti hata mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi chetu.

5. Sasa nafika kwenye lalamiko langu lenyewe, na ningeomba kama Doreen anasoma begani kwako, basi aende akaangalie sufuria.

Tarehe 19 Agosti, siku ya Jumanne, mvua ilikatisha mchezo saa nane na nusu mchana. Wengine wakaenda zao. Bwana Edgar akabaki. Aliingia chumba cha chai akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu. Akachukua kitambaa, akaanza kunifutia vikombe. Tulifanya kazi hivyo, mimi nasuuza, yeye anafuta. Kisha akaniita.

"Winnie."

"Naam."

"Hivi mimi na wewe tukioana, unaonaje?"

Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu: sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza bomba linavujia wapi. Hakuwa amekasirika. Hakuwa ameshinda mechi. Nilimtazama paji la uso ili kuhakikisha, halikuwa na jasho.

Nami nikamjibu, "Subiri kwanza nimalize vikombe hivi."

Ndivyo nilivyosema, sifichi. Nilitaka kufikiri, na mimi hufikiri vizuri nikiwa na kazi mkononi. Vilikuwa vimebaki kumi na tisa. Nilivisuuza vyote, nikavipanga, nikakikamua kitambaa, nikakitundika. Na kufikia kikombe cha mwisho nilikuwa nimeshapata jibu, tena nilikuwa nalo tangu kikombe cha nne, hivyo vingine nilivimalizia kwa raha tu. Nikageuka kumwambia. Hakuwepo. Na viatu vyake mlangoni havikuwepo.

Nikadhani ameona haya. Nikaenda nyumbani nikashusha mapazia ya sebuleni, nikayafua. Nikampigia simu dada yangu Muriel kule Kanada, nikamwambia, akalia, nami nikamwambia asilie, simu ya mbali ni ghali. Asubuhi nikaenda mjini nikanunua viatu vya rangi ya krimu. Wewe unajua, shemeji, sijavaa viatu visivyo vyeusi tangu Stanley atutoke.

Nikavivaa. Nikamkuta uwanjani, ameinamia mashine ya kukata nyasi.

"Edgar," nikamwambia, "kuhusu lile ulilosema jana."

Hakuniacha nimalize. Wala hakuinua uso. Akasema, "Lile lisikusumbue, Winnie. Ilikuwa joto la dakika ile tu. Lifute."

Nilisimama pale. Nyasi zilikuwa zimelowa na viatu vile si vya nyasi. Kisha nikasema sawa, nikarudi ndani kuchemsha maji.

Shemeji, nitakuambia jambo, kisha nitarudi kwenye Ukatibu. Huu ni mwaka wa sita tangu Stanley aondoke. Katika miaka hiyo sita watu wa chama hiki wameniuliza sukari iko wapi, maziwa yameisha au bado, na ufunguo wa choo anao nani. Wameniuliza vizuri na kwa adabu. Lakini hakuna aliyeniuliza swali ambalo jibu lake linanihusu mimi. Edgar aliniuliza moja, halafu akalichukua akaondoka nalo.

Sasa narudi. Nilifungua daftari. Tarehe 19 Agosti, saa tisa alasiri: nyuzijoto kumi na mbili, mvua. Birika lilikuwa limezimwa. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya harufu ya dawa ya kusafishia. Mahali pale hapakuwa na joto la dakika ile, wala la dakika iliyotangulia, wala lililokuwa njiani kuja.

Wiki iliyopita nilikuletea habari hii kwa mdomo. Ukacheka kidogo, ukaniambia, "Shemeji, huo ni msemo tu. Hakuna joto lenyewe." Nimelifikiria jibu hilo siku sita, na naomba Kamati ilifikirie pamoja nami. Kama joto lenyewe halipo, basi na udhuru wenyewe haupo. Kama udhuru haupo, basi maneno yale hayajafutwa. Na kama hayajafutwa, basi kisheria Bwana Edgar bado amesimama pale pembeni ya sinki, ana kitambaa mkononi, anangoja jibu langu, na mimi nina haki ya kulitoa.

Wengine watasema joto la msemo huu ni la moyoni, na kwamba kipimajoto cha ukutani hakiwezi kulisoma. Nimejiandaa kwa hoja hiyo. Msimu uliopita wa kiangazi, kwa mujibu wa daftari, tulikuwa na siku nne zilizopita nyuzijoto ishirini na tano. Nimefuatilia mwenendo wa Bwana Edgar siku hizo zote nne. Alilala kwenye kiti cha kukunja, kofia usoni, hakumgusa mtu, hakula keki ya mtu, wala hakujiuzulu chochote. Ushahidi unaonyesha kwamba joto humfanya kuwa raia mwema. Ni baridi ndiyo inayomharibu. Mtu huyu kwa miaka yote amekuwa akilisingizia joto.

Kutokana na hayo, naomba Kamati ya Nidhamu itekeleze yafuatayo:

(a) Msemo wa joto la dakika ile usikubaliwe kama utetezi ndani ya mipaka ya uwanja wetu isipokuwa kipimajoto kimesoma nyuzijoto ishirini na tano au zaidi, na mtunza chai ametia sahihi.

(b) Dakika ile iwe dakika moja. Anayetaka mbili aombe kwa maandishi, siku saba kabla.

(c) Bwana Edgar avalishwe kipimajoto kidogo shingoni wakati wote wa mechi, na mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kukisoma.

(d) Jambo lolote lililosemwa na mwanachama chini ya nyuzijoto hizo, akiwa amevua viatu, lihesabiwe kuwa ahadi kamili. Kwa msingi huo Kamati imwamuru Bwana Edgar anioe kabla ya mwisho wa msimu, au aeleze mbele ya mkutano mkuu, polepole na kwa sauti, sababu za kutonioa.

(e) Akikataa yote mawili, afukuzwe chama, na benchi lile lipakwe tena rangi ile ile aliyoichukia, tabaka mbili.

(f) Nakala ya barua hii ipelekwe kwa mbunge wetu, ili nchi nzima ipimwe. Naamini magereza yatajaa kwa muda, lakini baadaye watu watazoea kufikiri kwanza.

Sina chuki na Bwana Edgar. Napenda hilo nalo liandikwe. Ni mtu aliyenitengenezea bomba la jikoni mara tatu bila kuombwa, na mara mbili kati ya hizo halikuwa limeharibika. Lakini chama hakiwezi kuendeshwa na watu ambao maneno yao yanayeyuka kila wanapoulizwa.

Msalimie sana Doreen na umwambie nyama ile ilikuwa laini. Wasalimie Bwana na Bibi Alderson na nyanya zilizobaki. Msalimie Mchungaji, na yule bwana wa safu ya tatu, nasikia amepata nafuu ya mshtuko. Goti lako ulipake ile dawa ya mzizi niliyokupa, usiiweke tu kabatini.

Ni mimi, wako katika kukijenga chama na kusuuza vikombe vyake,

Winifred Haydock (Bi),
Mtunza Chai.

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha hii kwa mvuke wa birika, ndiyo maana karatasi imejikunja. Nilikuwa nimeshatoka kwenda kwenye sanduku la posta. Kwenye kituo cha basi nikamkuta Bwana Edgar chini ya mwavuli wake. Nikaona ni uungwana kumwarifu kwamba nimemshtaki. Akauliza kwa kosa gani, nikamwambia. Akausogeza mwavuli unifunike na mimi, kisha akasema, "Lakini Winnie, wewe ndiye uliyechagua vikombe."

"Nani kachagua vikombe?"

"Nilikuuliza swali kubwa kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu," akasema, "ukaniambia nisubiri umalize vikombe. Nikasubiri. Nikahesabu vinane. Nikajua hutaki na hujui useme vipi, basi nikaondoka usije ukapata taabu. Na kesho yake, ulipoanza kusema, nikawahi kukusaidia, ili usilazimike kunikatalia uso kwa uso."

Kilichofuata hapo sikijui vizuri. Bi Alderson, aliyekuwa kwenye foleni, ananiambia kwamba nilimshika Bwana Edgar kola kwa mikono miwili na kumbusu mbele ya basi la saa nane, kwamba mwavuli uliingia chini ya gurudumu, na kwamba dereva alishuka kuuliza kama mzee anahitaji msaada. Siwezi kukanusha. Sikumbuki nilikaa wakati gani nikaamua. Kipimajoto sikukitazama, na hata ningekitazama nadhani ningekitupa.

Kwa hiyo maombi (a), (b), (c), (e) na (f) nayaondoa, na (d) limejitekeleza lenyewe. Harusi ni Jumamosi tarehe 11 Oktoba. Tutahitaji viti vyako vya bustani, vya chama vinayumba. Kama Kamati itaona inafaa kunihoji kuhusu tukio la kituo cha basi, naomba nijulishwe mapema, ingawa sitakuwa na maelezo mengine zaidi ya yale ambayo Kamati imezoea kuyapokea.

Edgar ameshauri niichane barua hii. Nimekataa, kwa kuwa stempu nilikuwa nimeshaibandika.

W.H.